Ingwe: Zaidi ya Miaka 60 ya Klabu Yenye Mizizi Kakamega

AFC Leopards ina ofisi zake Nairobi, hufanyia mazoezi Nairobi na mechi zake nyingi za nyumbani huchezewa Nairobi. Hata hivyo, fika Kakamega siku ambayo Ingwe, kama mashabiki wanavyoiita, inakutana na Gor Mahia. Kuanzia stejini hadi kwenye vibanda vya chai sokoni, redio zimefunguliwa kwa sauti ya juu, wahudumu wa bodaboda wamefunga vitambaa vya buluu na nyeupe kwenye pikipiki zao, na mzee ambaye hajakanyaga Nairobi kwa miaka mingi anakutajia kikosi cha 1982 kuanzia kipa hadi winga wa kushoto. Klabu huhesabiwa ya mji ule ambao watu wake huugua inapofungwa. Kwa kipimo hicho, Ingwe ni ya Kakamega, na ya Magharibi mwa Kenya nzima.

Iliundwa tarehe 12 Machi 1964, miezi mitatu kamili tangu bendera ya Kenya huru ipandishwe. Wakati huo wanaume wengi kutoka Magharibi walikuwa Nairobi wakifanya kazi kwenye reli, viwandani, majumbani na katika ofisi za serikali. Waliishi Kaloleni, Makongeni, Bahati na Shauri Moyo, na kila Jumapili walicheza mpira. Tatizo ni kwamba kila kundi lilikuwa na timu yake. Kulikuwa na Samia Union, kulikuwa na Marama, Bunyore, Tiriki, Lurambi na nyingine zilizobeba majina ya maeneo ya nyumbani. Waliotoka bonde moja walichezea timu moja, na waliotoka ng'ambo ya mto walikuwa wapinzani wao.

Ligi ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 1963, na Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Taji la mwaka 1964 lilikuja kwenda kwa Luo Union. Watu wa Magharibi, waliokuwa na wachezaji tele waliotawanyika katika timu ndogondogo, wakaona dhahiri kwamba mpira wa mitaani haungewafikisha popote. Wakaziunganisha timu zao, na klabu iliyotokea ikaitwa Abaluhya United.

Ni rahisi leo kulichukulia tukio hilo kuwa jambo dogo la usajili. Halikuwa dogo. Waluhya ni jamii ya makabila zaidi ya 16, yenye lahaja ambazo msemaji wa moja huenda asiielewe nyingine vizuri: Wamaragoli, Wabukusu, Waisukha, Waidakho, Wanyore, Wawanga, Wasamia na wengineo. Siasa imejaribu mara nyingi kuwaweka chini ya mwavuli mmoja, na mara nyingi mwavuli huo umepasuka kabla ya uchaguzi kufika. Mpira ulifaulu. Mmaragoli alipompigia Msamia pasi na Mnyore akafunga bao, hakukuwa na haja ya hotuba ya umoja. Kwa maoni yangu, hakuna chombo kingine kilichowahi kuwakusanya watu wa Magharibi kwa muda mrefu hivyo na kwa hiari yao wenyewe.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1966 Abaluhya ikatwaa ubingwa wa Kenya, na mwaka 1967 ikautetea. Huo ndio wakati wa Joe Kadenge, mzaliwa wa Hamisi katika kaunti ambayo sasa ni Vihiga, mchezaji ambaye mtangazaji wa redio akitamka tu kwamba Kadenge ana mpira, watu walisimama kando ya redio zao kama kwamba wako uwanjani. Usemi huo, “Kadenge na mpira”, ulitoka redioni ukaingia mitaani, na hadi leo hutamkwa na vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa alipokuwa akicheza. Kadenge alifariki Julai 2019. Baada ya kustaafu soka aliwahi kuendesha teksi Nairobi, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila tunapozungumzia fahari ya miaka ile, kwa maana wachezaji hao waliipa nchi furaha kubwa na wao wenyewe wakapata kidogo sana.

Alikuwapo pia Jonathan Niva, beki ambaye alikuwa nahodha wa Kenya iliposhiriki fainali zake za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika, Cameroon, mwaka 1972. Ubingwa wa ligi ulirudi Abaluhya mwaka 1970, kisha tena 1973. Kabla ya hapo alikuwa ametokea mpinzani mpya. Gor Mahia iliundwa Februari 1968, nayo kwa kuunganisha timu, na mwaka huohuo klabu hizo mbili zikakutana kwa mara ya kwanza. Mchuano wao ndio uliokuja kuitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya ni majirani waliooana vizazi na vizazi. Kuna nyumba nyingi Kakamega, Vihiga na Kisumu ambamo mume huvaa buluu na mke kijani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na timu za soka zikatakiwa kuacha majina ya makabila. Luo Union ikageuka Re-Union. Gor Mahia kwa muda ikaitwa Gulf Olympic Rangers, jina ambalo mashabiki hawakulikubali hata siku moja. Abaluhya, ambayo wakati huo ilikuwa Abaluhya Football Club, ikawa AFC Leopards. Herufi tatu za mwanzo zilibaki zilezile, na kila shabiki alijua kwa nini. Mnyama aliyeingia kwenye jina, chui, ndiye aliyewapa mashabiki wito wao wa uwanjani: Ingwe.

Kabla ya kuliacha jina la zamani, Abaluhya iliacha alama moja kubwa. Mwaka 1979, mjini Mogadishu, iliifunga Kampala City Council bao 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka uliofuata ikafika fainali tena, huko Malawi, ikashindwa 3-2 na Gor Mahia. Halafu ukaja mfululizo ambao kwa maoni yangu ndio kilele cha historia yote ya klabu hii. Mwaka 1982 jijini Nairobi iliishinda Rio Tinto ya Zimbabwe 1-0. Mwaka 1983, Zanzibar, iliishinda Admarc Tigers ya Malawi 2-1. Mwaka 1984 fainali ilichezewa Kisumu, mpinzani akiwa Gor Mahia, na Leopards ikashinda 2-1 katika mji ambao ni ngome ya Gor. Mataji matatu mfululizo ya kanda. Mwaka 1985 Gor ililipiza kisasi Khartoum kwa ushindi wa 2-0. Kuanzia 1979 hadi 1985 kombe hilo halikutoka Kenya hata mara moja, na katika fainali hizo saba Ingwe ilicheza sita.

Ligini mambo yalikuwa vivyo hivyo. Leopards ilikuwa bingwa 1980, 1981 na 1982. Gor ikajibu kwa 1983, 1984 na 1985. Kisha Leopards 1986, Gor 1987, Leopards 1988 na 1989, Gor 1990 na 1991, Leopards 1992, Gor 1993. Ukianzia taji la Gor la 1979, hiyo ni misimu 15 ambayo hakuna klabu nyingine iliyoonja ubingwa wa Kenya: Gor mara nane, Leopards mara saba. Sijui kizazi kingine cha mashabiki wa Kenya kilichobahatika kuwa na ushindani wa namna hiyo.

Kikosi cha miaka ile kilikuwa na watu wa kila aina. Golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyepewa jina la Kenya One kwa ustadi wake langoni mwa timu ya taifa. Kuwepo kwake kunawajibu wale waliodhani Ingwe ilikuwa ya Waluhya peke yao. Mbele alikuwapo Joe Masiga, JJ kwa mashabiki, daktari wa meno ambaye pia alicheza raga ya kiwango cha juu, na kwenye soka alikuwa mfungaji hatari. Wilberforce Mulamba alichezesha kati kwa utulivu uliowafanya wapinzani waonekane wana haraka. Mickey Weche, Josephat Murila, orodha ni ndefu. Kenya iliposhinda Kombe la Chalenji la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, wachezaji wa Leopards walikuwa mhimili wa Harambee Stars.

Winga mmoja wa miaka ya 1980 anastahili aya yake, maana kupitia kwake Ingwe imeingia hata katika historia ya klabu ya Italia. Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards, akawalea wanawe katika mpira. Mmoja, McDonald Mariga, alikwenda Ulaya akatua Parma, na mwanzoni mwa mwaka 2010 akahamia Inter Milan. Msimu huohuo Inter ilitwaa ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Usiku wa Mei 22, 2010, mjini Madrid, Inter ilipoishinda Bayern Munich 2-0, Mariga alikuwa kwenye benchi la akiba, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Mdogo wake, Victor Wanyama, ambaye alipitia AFC Leopards katika ujana wake, alikwenda Celtic ya Scotland, na Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa katika Ligi ya Mabingwa. Baadaye akacheza Southampton na Tottenham Hotspur. Familia moja, na chanzo chake ni jezi ya buluu na nyeupe.

Nimetaja Italia kwa sababu nyingine pia. Inter iliundwa Machi 9, 1908, na leo shabiki wake akitaka kujua nani alifunga katika msimu wowote ule, atajibiwa kwa tarehe, dakika na idadi ya watazamaji. Kumbukumbu zimeandikwa. Kwetu, sehemu kubwa bado iko midomoni mwa wazee. Chukua jambo la msingi kabisa, hesabu ya mataji ya ligi. Miaka inayotajwa katika orodha za mabingwa ni 1966, 1967, 1970, 1973, 1980, 1981, 1982, 1986, 1988, 1989, 1992 na 1998. Hayo ni mataji 12. Lakini fungua magazeti ya miaka ya karibuni, utakuta Ingwe ikiitwa bingwa mara 13. Klabu yenye heshima kubwa hivi haifai kuacha mashabiki wake wabishane kuhusu idadi ya vikombe vyake.

Taji la 1998 ndilo la mwisho la ligi. Mwaka mmoja kabla, Leopards ilikuwa imeshinda kombe la kanda kwa mara ya tano, kwa kuifunga Kenya Breweries 1-0 Nairobi. Hakuna aliyejua kwamba mlango ulikuwa unafungwa. Miaka iliyofuata ilijaa migogoro ya uongozi, ndani ya klabu na katika shirikisho la soka la taifa, na mishahara ya wachezaji ikawa ya kubahatisha. Timu za kampuni na za vikosi vya ulinzi, zilizokuwa na bajeti ya uhakika, zikazipita klabu za wananchi. Mwaka 2006 Ingwe ikashushwa daraja.

Wazee wa Kakamega hawapendi kuuzungumzia mwaka huo. Lakini inafaa kuuzungumzia, kwa sababu kilichofuata kinaonyesha klabu ni nini. Mashabiki waliifuata timu katika viwanja vidogo vya daraja la chini, na mwaka 2009 ikarudi Ligi Kuu. Mwaka huohuo ikatwaa kombe la shirikisho. Parma, ile klabu ya Mariga, ilifilisika mwaka 2015, ikatupwa hadi daraja la nne, na kufikia 2018 ilikuwa imerudi katika ligi kuu ya Italia. Klabu yenye watu wake haifi kwa kushuka daraja, iwe Parma au Nairobi.

Tangu kurudi, Leopards imeshinda kombe hilo tena mwaka 2013 na 2017. Ligi imeendelea kuiponyoka. Mwaka 2019 Dan Shikanda, daktari na mchezaji wa zamani wa klabu hiyo, alichaguliwa mwenyekiti, akarithi madeni. Mwaka 2021 FIFA iliifungia klabu kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya malipo ambayo wachezaji na makocha wa zamani walikuwa wanadai. Ikabidi kocha atumie vijana aliokuwa nao. Wengine wakaona ni fedheha. Mimi naona kwamba vijana walioingia kikosini kipindi hicho walicheza kwa moyo ambao fedha haiwezi kununua, na kwamba deni la mchezaji ni jasho lake na lazima lilipwe.

Sasa turudi nyumbani. Kakamega ilifanywa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi mwaka 1963, na uwanja wake ni Bukhungu. Kwa miaka mingi ulikuwa uwanja wa kawaida wa mkoa: nyasi zilizostawi kwa mvua ya alasiri inayotoka upande wa msitu, na jukwaa dogo la wageni wa heshima. Baada ya ugatuzi, serikali ya kaunti chini ya Gavana Wycliffe Oparanya iliamua kuujenga upya. Desemba 3, 2017, Kenya ilifungua Kombe la Chalenji hapo Bukhungu kwa kuishinda Rwanda 2-0, na wiki mbili baadaye, Machakos, ikatawazwa bingwa. Oktoba 2018 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapohapo. Na katikati ya matukio hayo, Februari 2018, AFC Leopards ilikuja Bukhungu kucheza mechi ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya Fosa Juniors ya Madagascar. Matokeo yalikuwa sare, na ugenini Ingwe ikatolewa. Lakini kombe la Afrika lilikuwa limechezwa Kakamega, na Ingwe ndiyo iliyolileta.

Aliyeketi karibu na kundi la wapiga ngoma ya isukuti siku ya mechi ya Ingwe hawezi kusahau sauti ile. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zimechongwa kutoka gogo la mti na kuwambwa ngozi ya kenge kwa kawaida ya asili. Mpigaji huibana kwapani, akaipiga kwa viganja na vidole, huku mwenzake akipuliza pembe ya swala na mwingine akigonga vyuma. Ngoma ndogo ndiyo inayokimbia, kubwa inaishika isipotee. Mabega ya watu yanaanza kucheza kabla miguu haijaamua. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, huchezwa harusini, kwenye matanga, wakati wa kumpa mtoto jina. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Vijana wengi wa Nairobi wenye asili ya Magharibi waliisikia kwa mara ya kwanza uwanjani Nyayo au City Stadium, nyuma ya goli la Ingwe. Kwa hiyo klabu imebeba zaidi ya mpira. Imebeba ngoma ya nyumbani hadi mjini na kuiweka hai.

Kakamega nayo haijakaa ikisubiri Nairobi. Shule ya Kakamega, iliyoanza 1932, imekuza wachezaji kupitia timu yake ya Green Commandos, jina linaloogopwa katika michezo ya shule za upili. Kakamega Homeboyz ilipanda Ligi Kuu, na msimu wa 2021/22 ikamaliza na pointi sawa na Tusker, ikakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mwaka 2023 ikatwaa kombe la shirikisho. Allan Wanga, mshambuliaji aliyewahi kuvaa jezi ya Ingwe, aliichezea Homeboyz akiwa pia msimamizi wa michezo wa kaunti. Jirani yao, Vihiga Queens, walikuwa miongoni mwa timu zilizoshiriki Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza, Cairo, Novemba 2021. Kuna watu Kakamega ambao sasa wana timu mbili moyoni, na Ingwe ikija Bukhungu kucheza na Homeboyz hawajui wakae upande gani. Sioni ubaya wowote. Ni dalili kwamba shamba lililozaa Abaluhya mwaka 1964 bado lina rutuba.

AFC Leopards ni mali ya wanachama. Haina tajiri mmoja aliyeinunua, na uongozi wake huchaguliwa kwa kura. Huo ni urithi wa wale wafanyakazi wa Kaloleni na Makongeni, na ndio pia chanzo cha udhaifu wake, kwa sababu wengi tunaipenda na wachache tunajisajili kuwa wanachama. Ukiwa shabiki, jisajili, lipa ada, piga kura. Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya kikosi cha zamani, tiketi ya fainali ya Kisumu, au mzee aliyekuwapo Kadenge alipocheza, keti naye wiki hii, andika majina nyuma ya picha na tarehe anazozikumbuka, kisha upeleke nakala kwa klabu.